Jasho Wakati wa Kipupwe

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mara mbili niandike makala ya elimu ya viumbe, nami mara zote mbili nimemjibu kwamba nina madaftari mengi ya kusahihisha. Muhula huu nimekubali, kwa sababu lipo jambo lililotokea darasani mwangu ambalo yafaa nilieleze mwenyewe. Wengi wenu mmekwisha kulisikia, na baadhi yenu mmelisikia vibaya.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa Julai. Ninyi mkaao hapa nyanda za juu mwajua kipupwe chetu kilivyo: asubuhi ukungu hauoni hata mlingoti wa bendera, na maji ya bomba huuma vidole. Wanafunzi wote walikuwa wamevaa sweta, na walioketi karibu na mlango walikuwa wamejikunyata kama vifaranga. Nami nilikuwa ubaoni nikichora jani na njia za maji ndani yake. Ghafula nikasikia joto likianza kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni. Moyo ukaenda mbio. Jasho likanitoka mpaka likadondoka juu ya kitabu cha mahudhurio, na wino ukatawanyika. Nikavua koti, nikafungua dirisha, nikasimama hapo nikivuta hewa ya baridi kama mtu aliyetoka kuchota maji mtoni. Baada ya dakika tatu au nne jambo lilikwisha, nami nikaanza kutetemeka kama ninyi.

Nyuma ya darasa pakatokea kicheko. Siwalaumu sana, maana mtu atokwaye na jasho huku wenzake wanatetemeka ni kichekesho kwa asiyejua sababu. Lakini kicheko hakikuishia darasani. Baada ya juma moja nikapata habari kwamba mabwenini yasemwa mwalimu hunywa pombe asubuhi. Wengine wakasema nina ugonjwa mkubwa ninaouficha.

Siku chache baadaye mwanafunzi mmoja akanifuata karibu na maktaba. Sitataja jina lake wala kidato chake. Aliniamkia, akasimama kitambo bila kusema neno, kisha akauliza, "Mwalimu, mama yangu naye hufanya hivyo hivyo usiku. Tumempa dawa ya malaria mara tatu. Je, atakufa?"

Nilimjibu pale pale kwa maneno machache. Makala hii ndiyo jibu lake kamili, na ni jibu kwa wote wenye mama, shangazi au mke nyumbani. Yaani kwetu sote.

Matarishi wa mwili

Mimi nina umri wa miaka 49. Sikulewa wala sikuwa na homa. Nimefika katika njia ambayo kila mwanamke aliyejaliwa umri huipita, nayo ni kukoma kwa hedhi. Ili kulielewa jambo hili, yatupasa kwanza kujua homoni ni nini.

Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Ya kwanza ni neva, ambazo ni kama simu: habari hufika mara moja. Ya pili ni homoni. Homoni hutengenezwa katika tezi, ikaingia katika damu, ikasafiri mpaka kiungo cha mbali, na kukiamuru kifanye kazi fulani. Neno lenyewe lilitumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905 na Mwingereza Ernest Starling, alipokuwa akihutubia madaktari mjini London. Alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea. Darasani mimi huziita homoni matarishi, kwa sababu huchukua barua kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Tuitazame basi ofisi ya Mkuu wa Shule. Mkuu akihitaji kitu kutoka stoo, huandika barua, tarishi huipeleka, na mtunza stoo hujibu. Akiisha kupata jibu, Mkuu hutulia. Katika mwili wa mwanamke mambo huenda vivyo hivyo. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama punje ya kunde, iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo hupeleka barua kwa ovari, viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi. Ovari nazo hujibu kwa homoni mbili kubwa, estrojeni na projesteroni. Homoni ya kwanza ya jamii ya estrojeni ilitengwa mwaka 1929 na Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja akifanya kazi yake mbali na mwenziwe.

Jambo la kukumbuka ni kwamba estrojeni hutengenezwa na seli zinazolizunguka yai linalokua. Bila mayai hakuna jibu. Nayo mayai yana hesabu. Msichana huzaliwa akiwa nayo yote, kadiri ya milioni 1 hadi 2. Afikapo umri wa kuvunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000. Katika miaka yake yote ya kupata hedhi, ni kama 400 au 500 tu yatakayopevuka na kutoka. Mengine yote hufa kidogo kidogo. Mwili hautengenezi mengine.

Mwanamke akaribiapo miaka 50 stoo inakaribia kuwa tupu. Siku moja mtunza stoo hujibu upesi, siku nyingine huchelewa, na mwisho hajibu kabisa. Pituitari haielewi, huandika barua nyingi zaidi, hata daktari akipima damu huzikuta zimejaa. Ndiyo sababu katika miaka hiyo hedhi huja ovyo: mwezi huu nyingi, mwezi ule haba, miezi miwili haipo, kisha yarudi. Ikikosekana kwa miezi 12 mfululizo, bila mimba wala sababu nyingine, ndipo husemwa kwamba imekoma. Kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya kutimia miezi hiyo 12 mimba bado yaweza kuingia, na wapo waliojikuta wakinyonyesha tena huku wajukuu wanatambaa.

Joto latoka wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba mwanamke huyu ana moto ndani, kama mgonjwa wa malaria. Sivyo. Katika malaria mwili wenyewe hupandisha joto lake, na kipimajoto huonyesha digrii 38, 39 au zaidi. Katika hali hii joto la ndani ya mwili hubaki karibu na 37 kama siku zote. Kilichoharibika ni hesabu ya mlinzi.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pituitari, ipo sehemu iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo mlinzi wa joto la mwili. Joto likizidi mpaka wa juu, huamuru mishipa ya damu ya ngozi ipanuke na jasho litoke, ili joto liende nje. Likipungua chini ya mpaka wa chini, huamuru mwili utetemeke, ili joto lipatikane. Kati ya mipaka hiyo miwili pana nafasi ndogo, na humo mlinzi hukaa kimya.

Robert Freedman wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, aliipima nafasi hiyo. Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi na wasiosumbuliwa na joto la ghafula, aliona ni kama sehemu 4 katika 10 za digrii moja. Kwa wale wanaosumbuliwa, nafasi hiyo ilikuwa karibu imekwisha kabisa. Mfikirieni mlinzi wa lango letu. Akiwa mtulivu, paka akipita hanyanyuki kitini. Lakini siku akiwa na wasiwasi, hata jani likianguka atapiga filimbi na kuamsha shule nzima. Ndivyo ilivyo. Chai ya moto, blanketi zito, kupanda ngazi, au hasira kidogo hupandisha joto la mwili kwa kiasi kisichoonekana. Mlinzi hupiga filimbi, damu hukimbilia usoni, na jasho hutoka. Jasho likiisha kuupoza mwili kupita mpaka wa chini, mama huyo huyo huanza kutetemeka. Aliyetupa shuka sasa analitafuta.

Na kwa nini mlinzi amepata wasiwasi? Kwa sababu amezoea kutulizwa na estrojeni. Zipo seli katika haipothalamasi ambazo estrojeni huzizuia zisifanye kazi kupita kiasi. Daktari Naomi Rance wa Arizona, alipochunguza bongo za wanawake waliofariki, aliona kwamba kwa wale waliokwisha kukoma hedhi seli hizo zilikuwa zimekua kubwa kuliko kawaida. Seli hizo hutoa kitu kiitwacho nyurokinini B, ambacho humchokoza mlinzi wa joto. Elimu hiyo imezaa dawa mpya isiyo homoni, fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Wanaoitumia hupimwa ini.

Wasomaji wataniuliza, Je, hudumu muda gani? Joto lenyewe aghalabu ni dakika 1 hadi 5, lakini laweza kuja mara nyingi kwa siku, na usiku likamnyima mtu usingizi. Uchunguzi mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1996 uliwafuata wanawake wa asili mbalimbali kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba nusu ya waliosumbuliwa mara kwa mara waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 7. Na kwa wanawake weusi, zaidi ya miaka 10. Wapo pia wasiopatwa kabisa. Kwa hiyo asiyepatwa asimwambie mwenziwe kwamba anajidekeza.

Habari ya mama yangu

Sasa nitaeleza jambo ambalo sijapata kulieleza mbele ya watu.

Nilipokuwa darasa la sita, marehemu mama yangu alianza kutoka nje usiku. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, mimi na wadogo zangu na yeye, nami nilikuwa nikisikia komeo likifunguliwa. Alikuwa akienda kuketi kibarazani bila kanga mabegani, katika baridi ya mwezi wa Julai kama hii yetu, akijipepea kwa ungo mdogo. Kisha akirudi ndani alikuwa akitetemeka, akitafuta nafasi kati yetu apate joto.

Jirani mmoja alimwona. Mwezi uliofuata mtoto katika nyumba ya jirani huyo aliugua, na neno likaanza kunong'onwa kisimani: mwanamke atokaye nje usiku wa manane, tena nusu uchi wakati wa baridi, atafuta nini? Ninyi mwajua neno hilo lilikuwa lipi. Halikusemwa mbele yetu, lakini wanawake waliokuwa wakilima naye kwa zamu waliacha kuja shambani kwetu, na watoto wao wakakatazwa kula kwetu.

Baba alikuwa mtu mpole. Hakuliamini neno lile, lakini aliogopa, akamwomba mama asitoke tena usiku. Mama akatii. Tangu siku hiyo alilala chini karibu na mlango, shavu lake likiwa kwenye mwanya unaopitisha hewa, na mlango umefungwa. Alivumilia hivyo kwa miaka mingi. Hapakuwa na mtu hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyemwuliza, "Mama, wasikia nini?"

Mimi nilisoma habari za homoni chuoni, nikafaulu mtihani, nikazifundisha, wala sikupata kuunganisha somo lile na mama yangu mpaka jasho liliponishika mimi mwenyewe. Hata hapo nilikosea kwanza. Nilinunua dawa ya mseto duka la dawa bila kupima, nikaimeza siku tatu. Na mwezi uliofuata nikafanya hivyo tena. Mwalimu wa elimu ya viumbe! Nilipokwenda hospitali nikapimwa, hapakuwa na malaria hata kidogo.

Je, ni laana?

Wako wasemao kwamba mwanamke aliyekoma hedhi amekwisha kazi yake duniani. Elimu haisemi hivyo. Hapa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao kwa muda mrefu wameishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Kristen Hawkes na wenzake waliokaa nao katika miaka ya 1980 waliona kwamba mabibi waliopita umri wa kuzaa ndio waliofanya kazi kwa bidii kubwa, wakichimba mizizi migumu ambayo watoto hawawezi kuichimba, na kuwalisha wajukuu wakati mama zao wananyonyesha wachanga. Kutokana na hayo wakatoa rai kwamba huenda ubibi ndio uliowapa wanadamu maisha marefu. Rai hiyo yajadiliwa hata leo. Kazi ya mabibi haina mjadala.

Wanyama wengi huzaa mpaka karibu na kufa. Baadhi ya nyangumi wenye meno hukoma kuzaa na kuishi miaka mingi baadaye. Na mwaka 2023 wataalamu walitoa habari kwamba sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, nao huishi miaka baada ya uzazi kukoma.

Yafaayo kutendwa

La kwanza, pimeni. Mama akitokwa na jasho usiku, apimwe joto kwa kipimajoto, na malaria kwa kipimo chake, kabla ya kumeza dawa. Ikiwa jasho laja pamoja na kikohozi kisichokoma au kukonda, aende hospitali apimwe kifua kikuu. Na mwanamke ambaye hedhi imekwisha kukoma miezi 12, kisha akaona damu tena, hata kidogo, asingoje: amwone daktari, maana yaweza kuwa dalili ya saratani.

La pili, zipo njia ndogo za nyumbani ambazo huwafaa wengi. Avae nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, ili aweze kupunguza. Alale na shuka mbili nyepesi kuliko blanketi moja. Akiona pilipili, pombe au chai ya moto humwamshia joto, apunguze. Na sigara aiache kabisa. Anywe maji baridi, afungue dirisha.

La tatu, iko tiba. Dawa ishindayo nyingine zote kwa joto la ghafula ni estrojeni yenyewe, nayo husaidia pia mifupa, ambayo hupoteza nguvu upesi hedhi ikiisha kukoma. Mwenye mfuko wa uzazi hupewa na dawa ya jamii ya projesteroni pia, ili kuulinda mfuko huo na saratani. Mwaka 2002 uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliotumia dawa hizo mbili pamoja walipata saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu kidogo zaidi ya wenzao. Wanawake wengi wakaziogopa. Hesabu zilipopitiwa upya ikaonekana kwamba wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida aghalabu huzidi hatari. Lakini aliyepata kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu kwa kawaida hapewi. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya duka la dawa wala ya rafiki. Na yule auzaye mizizi sokoni akisema kwamba humaliza joto kwa siku saba, mwulizeni ameipima wapi.

Neno la mwisho

Kwenu wavulana: siku moja mtakuwa na wake, na wake zenu watafika miaka 50. Mwanamume ajuaye mambo haya hatamkasirikia mkewe kwa kufungua dirisha usiku. Kwenu wasichana: mmefundishwa habari za kuvunja ungo, nanyi mwaionea haya, jueni kwamba mlango ule una mwenzake, nao hauna aibu. Kwenu walimu wenzangu: mmoja wetu akitoka nje ya mkutano ghafula, mpisheni, mkaendelee. Kwenu wazazi: semeni na watoto wenu. Mtoto asiyeambiwa hutafuta maelezo mahali pengine, na maelezo ya kisimani niliyasikia nikiwa darasa la sita.

Na kwako wewe uliyenifuata karibu na maktaba: mama yako hafi kwa jasho hilo. Ukirudi nyumbani likizo, mwamkie, kisha mwulize asikiavyo. Asindikizwe hospitali akapimwe, na usiku asifungiwe mlango. Kuuliza si ujinga. Mimi nilichelewa kuuliza, na yule niliyepaswa kumwuliza hayupo tena.

Muhula ujao, Mungu akipenda, nitaandika juu ya mifupa. Dirisha la darasa langu litakuwa wazi hata wakati wa baridi. Njooni na sweta.